Karani Aliyeuliza Yasiyomhusu

Ardith Pelkey ni mtu wa kushukuru, tena hushukuru kwa mambo ambayo sisi wengine huyanung'unikia tu. Mtu akija ofisini kwake kulipia leseni ya gari na karatasi zote anazo mkononi, Ardith humshukuru kana kwamba ameletewa zawadi. Theluji ikikatika kabla ya saa ya kufungua ofisi, anashukuru. Mbwa akiletwa kuandikishwa na asikojolee mguu wa meza, anamshukuru mbwa mwenyewe, kwa jina lake. Kwa miaka ishirini na minne amekuwa karani wa mji wetu wa Wendell Falls, huku juu kaskazini mwa New Hampshire, na katika mji wa watu mia tisa karani ndiye anayejua nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa, na nani anaendesha gari lililokwisha leseni tangu Julai.

Shukrani yake kubwa kuliko zote, hata hivyo, ina kisa chake, na kisa chenyewe kinaanza na kosa. Kosa lilikuwa lake. Anasema hivyo mwenyewe, nami sina sababu ya kumpunguzia.

Jimboni kwetu mtoto haingii shule bila chanjo, isipokuwa daktari aandike kwamba haimfai, au mzazi aseme dini yake haimruhusu. Mzazi wa dini hujaza fomu ya karatasi moja, na sahihi huitia mbele ya mtu mwenye muhuri wa kushuhudia viapo. Mjini kwetu wenye muhuri ni wawili: Ardith, na msaidizi wake Verna Stickney. Wa tatu yuko benki, mji wa pili. Sheria haimtumi mwenye muhuri kuuliza chochote. Aangalie kitambulisho, autazame mkono ukiandika, agonge muhuri, basi. Dini ya mtu ni ya mtu.

Ardith aliijua kanuni hiyo na aliishika. Mzazi akija na fomu alimkaribisha akae, akammiminia kahawa, akamwacha atulie kadiri apendavyo. Wengi walitia sahihi wakaenda zao. Wachache walimaliza kahawa, wakaikunja ile fomu, wakasema watarudi, wasirudi. Hakuna aliyewaambia neno.

Kisha siku moja aliingia Jolene, binti yake wa pekee, na fomu ya mwanawe Silas, aliyekuwa na miaka minne na alitakiwa kuanza chekechea.

"Mama, nigongee hii, nawahi kazini," alisema Jolene.

"Siwezi," alisema Ardith. "Wewe ni mwanangu. Hairuhusiwi kumgongea mtu wa nyumbani kwako."

Hadi hapo hakuwa na kosa. Angemwita Verna kutoka chumba cha nyuma, Verna angegonga, na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Ardith alikuwa ameiona ile fomu, na mdomo ukatangulia.

"Na hata ingeruhusiwa nisingegonga. Dini gani hiyo, Jolene? Tangu lini? Kanisani mara ya mwisho uliingia siku ya harusi yako, na hiyo siku ulichelewa."

Jolene alinyamaza. Angekuwa ametukana, pengine wangegombana yakaisha. Alinyamaza, na Ardith akadhani kunyamaza ni kushindwa. Akaenda kwenye sefu, akatoa daftari la zamani la vifo, lile la mwaka elfu moja mia nane themanini na mbili, akalifungua mbele ya binti yake. Nyumba ya Amos Tilley, watoto watano, siku tisa, ugonjwa mmoja: dondakoo. Akamsomea majina. Lucius, miaka minane. Hattie, miaka sita. Orin. Delia. Wa mwisho hakuwa hata amepewa jina.

"Wale mama yao angetembea kwa magoti mpaka Boston apate hiyo sindano unayoikataa," alisema Ardith.

Jolene aliichukua fomu yake. "Asante, karani," alisema, akatoka.

Hakusema mama. Alisema karani, na Ardith alibaki na daftari mkononi akiwa amesema kweli tupu na amefanya ubaya mtupu, yote kwa dakika nne. Fomu iligongwa benki siku hiyohiyo.

Ikapita miaka sita. Mtu wa mji mkubwa hawezi kuelewa taabu ya kutosalimiana katika mji mdogo. Jolene alilipia gari lake kwa posta. Leseni ya mbwa aliileta mume wake, mtu mpole aliyeona aibu hadi masikio. Jumamosi, siku ya kupeleka taka, ambapo mji mzima hukutana jalalani kupiga soga, mama akiwa kwenye mapipa ya chupa, binti alikwenda kwenye maboksi. Mama akihamia kwenye maboksi, binti alikumbuka ghafla kwamba ana makopo. Silas alikaa ndani ya gari. Ardith alimwona akikua kupitia kioo cha dirisha, mwaka huu kofia nyekundu, mwaka ujao kofia ya bluu.

Alijaribu. Aliandika barua mbili, na zote mbili, kwa bahati mbaya, alizianza kwa kueleza alikuwa na maana gani. Barua ya namna hiyo haipatanishi mtu. Hazikujibiwa.

Kisha ukaja muswada. Mbunge mmoja wa kusini aliuleta bungeni Concord, makao makuu ya jimbo, ukisema kwamba mzazi mwenye sababu ya dini asilazimike tena kwenda kwa mwenye muhuri. Atie sahihi nyumbani kwake, apeleke shuleni, yaishe. Waliouunga mkono walisema ni haki ya mzazi asihojiwe imani yake na karani wa dirishani. Waliopinga walisema jambo zito la afya ya watoto wote linastahili angalau safari moja na shahidi mmoja. Mjini kwetu watu waligawanyika hadi kwenye meza za kanisani, mji unapokula maharage pamoja.

Jimboni kwetu muswada haufi kimyakimya. Kila muswada, hata wa kipuuzi, husikilizwa hadharani, na raia yeyote anaweza kusimama mbele ya kamati akasema lake. Chama cha makarani kilimwomba Ardith aende akapinge. Alikubali. Aliamini lile tendo la kukaa na kutulia lilikuwa na faida. Alikuwa ameiona kwa macho yake.

Walikwenda mwezi wa Februari, kwa gari la Verna, mwendo wa saa mbili na nusu katika barabara ya barafu.

"Umeandika utakachosema?" aliuliza Verna.

"Kurasa tatu."

"Dakika ni mbili, mwenzangu. Utakuwa bado kwenye 'Mheshimiwa Mwenyekiti' kengele inalia."

"Nitasoma haraka."

"Haya. Soma kama mnadi ng'ombe."

Chumba kilikuwa kimefurika hadi watu wamekaa sakafuni. Mlangoni palikuwa na kadi za pinki. Anayetaka kusema huandika jina lake, mji wake, na kama anaunga mkono au anapinga. Ardith aliweka alama kwenye kupinga. Akainua kichwa kutafuta pa kukaa, akamwona Jolene mstari wa tatu, koti lake la kijani kibichi, ameshika mikono mapajani kama alivyokuwa akifanya utotoni akisubiri daktari wa meno.

"Yesu na Maria," alinong'ona Verna. "Turudi nyumbani?"

"Kaa," alisema Ardith.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Lyle Cutting, mfugaji mzee mwenye vifaa vya kusikia masikio yote mawili. Wabunge wetu ni mia nne na hulipwa dola mia moja kwa mwaka, kwa hiyo hakuna anayewashuku kwamba wamefuata pesa. Aliita majina moja baada ya jingine. Daktari alisema, mchungaji akasema, akasema na baba mmoja ambaye binti yake anatibiwa saratani na hawezi kuchanjwa. Kisha mwenyekiti akaita, "Jolene Marchand, wa Wendell Falls. Anaunga mkono."

Jolene alisimama. Hakuwa na karatasi.

"Mimi si msemaji," alisema. "Mwanangu alipokuwa na mwaka mmoja alichomwa chanjo asubuhi, jioni akapata homa, akashikwa na degedege mikononi mwangu. Tulikuwa garini. Mume wangu anaendesha, mimi nimempakata nyuma, midomo imekuwa ya bluu. Nilikuwa sijaomba tangu nikiwa msichana. Nikaomba. Nikamwambia Mungu, mrudishe huyu, nami sitamchoma tena. Akarudi. Hospitali wakaniambia degedege la homa hutokea, hupita lenyewe. Pengine ni kweli. Daktari wa zamu alicheka niliposema nimeogopa. Lakini nilikuwa nimeshaahidi, na mimi ahadi siivunji. Hiyo ndiyo dini yangu. Haina jengo."

Aliwatazama wajumbe wa kamati.

"Miaka mitatu baadaye nilikwenda na fomu kwa mtu mmoja mwenye muhuri. Nilitaka kumweleza habari hii, kwa sababu alikuwa mtu ninayemwamini kuliko wote. Hakunipa nafasi. Aliniuliza dini gani na tangu lini. Akanisomea majina ya watoto waliokufa. Usiku wa kwanza, nilipofumba macho, watoto wale wote walikuwa na uso wa mwanangu. Naomba mzazi mwingine asipitie hapo. Ni hayo tu."

Hakumtaja. Ardith alisubiri jina lake kama mtu anayesubiri kofi, na jina halikuja. Binti yake alikuwa na chumba kizima mkononi, waandishi wa habari wameshika kalamu, miaka sita ya hasira, na alisema "mtu mmoja". Ardith anasema kwamba katika maisha yake hajawahi kusitiriwa na mtu namna ile, na hakustahili. Hapo machozi yalimtoka, kurasa zake tatu zikalowana.

Na ile nadhiri ya garini! Hakuijua. Miaka sita alikuwa akijieleza kwa barua, na swali aliloliuliza lilikuwa na jibu, tena jibu zito, isipokuwa yeye aliuliza kama mtu anayefunga mlango.

"Ardith Pelkey, wa Wendell Falls," aliita mwenyekiti. "Anapinga."

Alikwenda mbele. Kurasa aliziacha kwenye kiti, na Verna akazikalia zisipeperuke.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ni karani wa mji. Mtu mwenye muhuri aliyesemwa hapa sasa hivi ni mimi. Na aliyesema ni binti yangu."

Mwenyekiti Cutting aligusa kifaa chake cha kusikia. "Rudia, mama, tafadhali."

Akarudia, kwa sauti, na chumba kikageuka kumtazama Jolene kisha kikamrudia yeye.

"Kila alichosema ni kweli, na amenipunguzia. Alisahau kuwaambia kwamba nilimcheka pia kwa kuchelewa harusi yake. Sheria inanituma nishuhudie mkono. Haikunituma niuchungulie moyo wa mtu. Niliuchungulia, tena wa mwanangu, tena akiwa ameogopa. Jolene, nisamehe. Sikuwa na haki ile, kama karani wala kama mama."

Mwenyekiti alikohoa.

"Sasa, mama, kwa ajili ya kumbukumbu. Unaunga mkono au unapinga?"

"Napinga, Mheshimiwa. Nilikuja kupinga na bado napinga."

Watu walicheka, wa pande zote mbili, na hata mwenyekiti alishindwa kujizuia. Ardith aliendelea, kwa sababu bado alikuwa na sekunde. Alisema chanjo ndiyo iliyofanya daftari lake la vifo lisiwe na majina ya watoto wa siku hizi, na kwa hilo humshukuru Mungu kila anapolifungua. Alisema amewaona wazazi wakitulia na kahawa yao na kufikiri mara ya pili bila kuambiwa na mtu. "Uacheni muhuri," alisema. "Lakini tufundisheni makarani kunyamaza." Kengele ikalia.

Walikutana kwenye ukumbi wa nje, karibu na makoti. Hawakukumbatiana, sisi watu wa huku si wepisi wa mambo hayo, na hayo yalikuwa mapema mno.

"Sijui niseme nini," alisema Jolene.

"Usiseme. Mimi nimesema ya miaka sita."

"Sijabadili mawazo, Mama."

"Wala mimi."

Jolene alicheka kidogo kwa pua, akafunga koti, akaenda. Verna alimwambia Ardith njia nzima kwamba ni mwanzo mzuri. Ardith alikuwa akilirudia kichwani lile neno, Mama, ambalo Jolene alilitamka bila hata kujua amelitamka.

Muswada haukupita mwaka ule. Unaweza kurudi, miswada ya namna hiyo ina roho ngumu. Jalalani Jolene sasa alisimama kwenye pipa lilelile na mama yake na kusema baridi imezidi, au imepungua. Silas alibaki garini. Mwezi wa Machi ukapita, tope la Aprili likaja likaondoka, na Ardith hakuomba zaidi ya alichopewa. Kila Jumamosi alishukuru kwa habari za baridi.

Mwishoni mwa Agosti, siku ya Alhamisi, mlango wa ofisi ulifunguliwa na akaingia Jolene, na nyuma yake kijana mrefu mwembamba mwenye kofia ya kijani. Jolene alikuwa na karatasi mkononi. Ardith aliitambua kwa mbali. Silas anaingia shule ya kati, shule mpya, na shule mpya hutaka fomu mpya.

Angeweza kwenda benki tena. Hakuna aliyesema hivyo, ila wote watatu waliokuwa watu wazima mle ndani walikuwa wanalijua.

"Nimekuja kwa Verna," alisema Jolene.

"Verna yupo," alisema Ardith.

"Silas, toka nje ukae na bibi yako. Mimi nina shughuli na Bi Verna."

Wakatoka. Walikaa kwenye ngazi za mbele, juani. Kaunti ya jirani surua ilikuwa imeingia wiki ile, watoto wanane, na Ardith alikuwa nazo habari zote kichwani, idadi, umri, jina la kituo cha afya. Ndani, nyuma ya mlango ule, huenda kalamu ilikuwa inashuka kwenye karatasi. Aliogopa. Anakiri kwamba aliogopa sana. Na palepale, kwenye ngazi ileile, goti la mjukuu wake lilikuwa limelala karibu na lake, lina kovu la kuanguka ambalo hakuwepo lilipopatikana, na furaha ilimjaa hadi akaona haya.

"Ni kweli wewe ndiye unayeandika watu wakifa?" aliuliza Silas.

"Ndiyo. Na wakizaliwa. Wewe nilikuandika mimi, katika taarifa ya mji ya mwaka."

"Uliandika nini?"

"Jina lako, tarehe, wazazi wako. Mwaka ule walizaliwa wanne tu. Wewe nilikuweka wa kwanza."

"Kwa sababu ya herufi?"

"Kwa herufi ulikuwa wa tatu. Hakuna aliyelalamika."

Silas alicheka. Ana meno ya mbele makubwa, kama ya marehemu mume wa Ardith. Akaanza kumweleza habari za mpira, nani kipa, nani mvivu, kwa nini kocha hamwelewi, na Ardith akasikiliza kila neno kama mtu aliyepewa chakula baada ya safari ndefu. Alimshukuru kocha asiyeelewa. Alimshukuru Verna, ambaye siku zote ni mzito wa kutafuta kalamu.

Mlango ukafunguliwa. Jolene alikuwa na mkoba begani, umefungwa. Ardith aliutazama mara moja, akaondoa macho.

"Haya, twende," alisema Jolene kwa mwanawe. Alishuka ngazi mbili, akasimama. "Mama, Jumamosi anacheza. Saa nne asubuhi. Vaa buti, uwanja wao ni dimbwi."

"Nitavaa."

Aliwatazama hadi gari lilipopita kanisani. Aliporudi ndani, Verna alikuwa amesimama katikati ya chumba, uso umemjaa habari kama puto.

"Ardith, sikiliza, kwa sababu lazima nikuambie alichofanya…"

"Usiniambie."

"Lakini hujui…"

"Sijui, na nakushukuru kwa kutoniambia. Unakumbuka buti zangu niliziweka wapi?"